Faida Iko Safu Hii, Kesi Yake Iko Safu Ile: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi namna ya kuisoma taarifa ya mwaka ya kampuni ya bima ya afya, tukagusia kurasa mbili ambazo wasomaji wengi huziruka: ule unaoigawa biashara katika sehemu zake, na ule unaoeleza kesi na madai ya kisheria. Barua zilizotufikia kutoka mikoa ya kusini zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, pengine kwa sababu tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, habari za bima zimetoka maofisini na kuingia barazani. Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

Jumla haifanani na jumla

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Sehemu ndogo ya kiinua mgongo changu niliinunulia hisa za kampuni mama ambayo ndani yake imo biashara ya bima ya afya. Ukurasa wa mbele wa taarifa yao unasema faida imepanda. Huko nyuma kuna jedwali lenye safu tano za "sehemu za biashara", na kila nikizijumlisha safu hizo napata mapato makubwa kuliko yale ya ukurasa wa mbele. Je, tunadanganywa, au mimi ndiye nisiyejua hesabu? — Mwalimu mstaafu, Masasi*

Mwalimu, hesabu unaijua, na tofauti hiyo peke yake haithibitishi udanganyifu. Tuanzie mahali unapopafahamu. Vyama vya msingi vya ushirika huko kwenu hukusanya korosho, na vingine hukusanya pia ufuta na mbaazi. Tuseme katibu meneja amesimama mbele ya mkutano mkuu akatangaza kwamba chama kimepata ziada ya shilingi milioni 30, na wanachama wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza: "Korosho peke yake imeleta ngapi?" Ikibainika kwamba ufuta uliingiza milioni 50 na korosho ikala milioni 20, kwa magunia yaliyonyeshewa na usafiri uliolipwa mara mbili, mkutano ule ule utageuka. Jumla haikuwa ya uongo, bali ilifunika shimo. Jedwali linalokusumbua liliwekwa ili limjibu mzee yule.

Kanuni inayolitawala inaitwa IFRS 8, mojawapo ya kanuni za kimataifa za taarifa za fedha, na imetumika tangu tarehe 1 Januari 2009 kwa kampuni ambazo hisa au hati fungani zake zinauzwa katika soko la umma. Upekee wake ni kwamba haiiamuru kampuni ijigawe kwa namna gani. Inachotaka ni kwamba msomaji wa nje aoneshwe mgawanyo ule ule ambao mwamuzi mkuu wa kampuni anautazama anapoamua fedha zipelekwe wapi na nani aulizwe mambo yakiharibika. Kampuni moja ya bima ya afya itajigawa kwa aina ya wateja, yaani waajiri wakubwa, familia na watu binafsi, na skimu za serikali. Nyingine itajigawa kwa nchi inamofanyia kazi. Ya tatu itajigawa kwa huduma, bima upande mmoja, hospitali na maduka ya dawa upande mwingine. Kwa hiyo mimi husoma majina ya safu kabla ya kusoma tarakimu, kwa maana majina hayo huniambia jinsi wakubwa wa kampuni wanavyoifikiria biashara yao.

Sehemu inalazimika kuoneshwa peke yake ikiwa mapato yake, pamoja na yale inayoyapata kwa ndugu zake wa ndani, yanafikia asilimia 10 ya mapato ya sehemu zote, au ikiwa faida au hasara yake au mali zake zinafikia kiwango kama hicho. Tena sehemu zilizotajwa lazima zibebe angalau asilimia 75 ya mapato yote yanayotoka kwa wateja wa nje. Zinazobaki huwekwa pamoja katika safu ya "nyinginezo". Safu hiyo ni kama stoo ya nyumba: vingi vilivyomo ni halali kabisa, lakini mgeni hakaribishwi humo.

Sasa tofauti yako. Ikiwa kampuni mama ina tawi la bima na tawi la hospitali, mgonjwa mwenye kadi yao akitibiwa katika hospitali yao, hospitali huandika mapato na bima huandika gharama. Katika jedwali la sehemu, fedha hiyo inaonekana kwenye safu ya hospitali kama pato. Katika hesabu ya kundi zima inaondolewa, kwa sababu mtu hawezi kupata pato kwa kujilipa mwenyewe. Ndiyo maana jumla ya safu zako inazidi. Zipo pia gharama za makao makuu ambazo hazikupewa sehemu yoyote, na vipimo vya ndani ambavyo havifuati moja kwa moja kanuni za hesabu za nje. Kanuni inailazimu kampuni kuonesha ulinganisho kati ya jedwali la sehemu na ukurasa wa mbele, kwa hiyo tafuta safu au mistari ya "maondoleo", "marekebisho" na "visivyogawanywa". Ukiijumlisha hiyo nayo, hesabu itafunga. Isipofunga, hapo andika barua kwa katibu wa kampuni, nawe unayo haki hiyo kama mwanahisa.

Ukishamaliza kujumlisha, tazama kwa kila sehemu uwiano wa madai na ada ya bima, yaani katika kila shilingi 100 ya ada iliyokusanywa, ni shilingi ngapi zilizorudi hospitalini. Sehemu inayokua haraka kwa ada huku madai yake yakikua haraka zaidi ni mtumbwi unaoongezewa abiria huku ukivuja. Mfano wa hili tuliushuhudia wote, ingawa si wa kampuni ya sokoni: mwezi Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, ambayo ada yake ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakisajiliwa walikuwa watoto ambao tayari ni wagonjwa. Aliyetazama mfuko kama chungu kimoja hangeliona jambo hilo likija. Aliyetazama kundi hilo peke yake angeliona.

Jambo la mwisho kwako, Mwalimu. Ikiwa mteja mmoja anaiingizia kampuni asilimia 10 au zaidi ya mapato yake, kampuni inapaswa kusema hivyo na kutaja ni sehemu gani inayomhudumia, ingawa hailazimiki kumtaja jina. Usiupite mstari huo. Kwa kampuni ya bima ya afya, mteja wa namna hiyo huwa mwajiri mkubwa au skimu ya serikali, naye amefungwa kwa mkataba mmoja wenye tarehe ya mwisho na vifungu vinavyoweza kugombewa mahakamani.

"Hatuwezi kukadiria"

*Ndugu Mhariri, niko katika kamati ya usimamizi ya SACCOS moja, nasi tumeweka akiba ya wanachama katika dhamana za kampuni mbalimbali. Katika taarifa ya kampuni moja ya bima ya afya tumekuta sentensi hii: "Kampuni inakabiliwa na madai kadhaa ya kisheria ambayo matokeo yake hayawezi kukadiriwa kwa sasa." Mwenzangu anasema hiyo ni lugha ya kuficha. Mwingine anasema ni lugha ya wanasheria tu. Nani kasema kweli? — Mjumbe, Kilwa*

Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, na kazi yenu ni kujua ni yupi kati yao anayeelezwa na kampuni hiyo. Kanuni ya jambo hili ni IAS 37, nayo pia ni ya kimataifa, na huiona kila kesi kama mtu aliyesimama mbele ya milango mitatu. Ikiwa tukio lenyewe limeshatokea, kampuni ina wajibu kutokana nalo, na uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa, basi fedha lazima itengwe sasa na ipunguze faida ya mwaka huu, ilimradi kiasi chake kinakadirika kwa njia ya kuaminika. Ikiwa kulipa kunawezekana lakini hakujafikia uzito huo, hakuna fedha inayotengwa; kesi huelezwa katika maelezo ya hesabu kama dhima tarajiwa, yaani deni ambalo huenda likatokea au lisitokee. Ikiwa uwezekano ni wa mbali sana, kampuni hainyamazi kwa hila, bali kanuni yenyewe imeiruhusu kunyamaza.

Tofauti kati ya mlango wa kwanza na wa pili ni maoni ya wanasheria, na maoni hayo hayachapishwi. Hapo ndipo mwenzako wa kwanza anapata nguvu. Hata hivyo kanuni imeweka kizuizi: inasema kwamba hali ya kutoweza kabisa kukadiria ni ya nadra mno, kwa kuwa karibu kila mara mtu anaweza kutaja angalau kiwango cha chini na cha juu. Kwa hiyo kampuni inayotumia sentensi hiyo mwaka mmoja, kwa kesi iliyofunguliwa mwezi uliopita, naielewa. Inayoirudia neno kwa neno kwa miaka minne mfululizo juu ya kesi ile ile, siielewi, na nisingeiwekea akiba ya mwanachama wangu bila kuiuliza.

Upo pia mwanya halali ambao mwenzako wa pili ameugusa. Kampuni inaruhusiwa, katika hali adimu sana, kutotaja tarakimu ikiwa kuzitaja kutaiharibia kesi vibaya. Fikiria umeshtakiwa na mtu anayedai milioni 100, nawe umeandika kitabuni, mbele ya macho yake, kwamba umetenga milioni 60: umeshampa bei ya kuanzia. Lakini hata hapo kampuni haiachiwi inyamaze kabisa. Inapaswa kueleza aina ya mgogoro na sababu ya kutotaja. Sentensi mliyoinukuu haielezi aina wala sababu, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu wake hasa.

Ningewaomba mtazame pia jedwali dogo la mwenendo wa fedha zilizotengwa: zilizokuwapo mwanzo wa mwaka, zilizoongezwa, zilizotumika, na zilizorejeshwa bila kutumika. Mstari huu wa mwisho ndio wenye ladha. Fedha iliyotengwa kwa kesi ikirejeshwa, huongeza faida ya mwaka huo. Kampuni iliyotenga kwa ukarimu katika mwaka wa neema na kurejesha katika mwaka wa ukame inaweza kuwa imeshinda kesi kweli. Inaweza pia kuwa inatumia kesi kama kibuyu cha akiba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya tangu mwanzo. Maelezo ya kesi na jedwali la sehemu hukaa mbalimbali, mara nyingi kurasa nyingi zikiwa kati yao, na hakuna kanuni inayoilazimu kampuni kuandika kila kesi chini ya sehemu iliyoizaa. Fedha zinazotengwa kwa mashauri makubwa huweza kuwekwa katika ile safu ya "visivyogawanywa" ya makao makuu, kwa hoja kwamba mwanasheria mkuu wa kampuni anakaa makao makuu. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya biashara iliyopata faida kwa kukataa madai isivyo halali, au kwa kuuza bima kwa maneno ambayo hayamo mkatabani, hubaki inang'aa katika safu yake, huku gharama ya dhambi hiyo ikibebwa na safu isiyo na mwenyewe. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Ila msomaji asiyezichukua kurasa hizo mbili na kuzilaza pamoja mezani atadhani sehemu hiyo ni bora kuliko ilivyo. Kwa kila kesi iliyotajwa, jiulizeni: mlalamikaji huyu alikuwa mteja, mtoa huduma, mfanyakazi au mdhibiti, na alikutana na kampuni katika sehemu gani ya biashara yake? Kisha rudini kwenye safu ya sehemu hiyo, mpunguze wenyewe kwa kalamu.

Madai yetu yamekatwa

*Ndugu Mhariri, natunza hesabu za zahanati binafsi. Kampuni moja ya bima, ambayo sitaki kuitaja, imekata karibu theluthi ya madai yetu ya miezi sita kwa sababu za fomu na bei za kitita, yaani orodha ya huduma na bei zake. Tumeandika barua tatu bila jibu la maana. Je, deni letu limo katika vitabu vyao kama kesi? Na mimi niliandikeje kwetu? — Mhasibu, Nachingwea*

Pole, ndugu yangu. Deni lenu kwa kawaida halimo katika maelezo ya kesi, wala msilitafute huko. Matibabu mliyokwisha kuyatoa ni gharama inayotokana na mkataba wa bima, na tangu tarehe 1 Januari 2023 mikataba hiyo inatawaliwa na IFRS 17, kanuni ya kimataifa ya mikataba ya bima. Kampuni inapaswa kuwa na dhima ya madai yaliyokwisha kutokea, ikijumuisha hata yale ambayo fomu zake hazijaifikia, kwa makadirio yake ya kile itakacholipa hatimaye. Neno zito hapo ni "makadirio". Ikiwa kampuni imezoea kukata theluthi na watoa huduma wamezoea kukubali, makadirio yake yatashuka, na faida ya sehemu husika itapanda bila mtu yeyote kusema uongo. Ugomvi wenu utahamia upande wa kesi pale mtakapodai kitu kilicho nje ya matibabu yenyewe, kwa mfano fidia ya kuvunjiwa mkataba.

Kwa vitabu vyenu, msiandike madai yote kama fedha ya uhakika. Yatenganisheni yaliyokubaliwa, yaliyokatwa ambayo mmeyakatia rufaa kwa ushahidi, na yaliyokatwa ambayo hata ninyi mnajua fomu haikuwa na sahihi ya daktari. La mwisho hilo ni hasara yenu, lifutwe. (Nimewahi kuona zahanati ikishinda bishano zima kwa sababu karani wake alikuwa na tabia ya kupiga picha kila fomu kabla ya kuituma. Simu ya shilingi laki moja na nusu iliokoa mamilioni.) Tena fungueni safu moja kwa kila kampuni ya bima mnayoihudumia, mwone kila mwezi nani analipa, kwa siku ngapi, na kwa makato ya kiasi gani. Kanuni ya sehemu haiwalazimishi ninyi, lakini akili yake inawafaa: zahanati ambayo nusu ya mapato yake inatoka kwa kampuni moja ya bima haiwezi kugombana nayo kwa sauti ile ile na zahanati ambayo inapata sehemu ya kumi.

Kabla ya barua ya nne, fungueni mkataba wenu na kampuni hiyo kwenye kifungu cha migogoro. Mikataba mingi ya aina hii inataka usuluhishi kwanza na ina muda maalumu wa kupinga makato. Muda ukipita, hata dai safi hupoteza meno.

Marekani na kwetu

*Mhariri, shikamoo. Nasoma uhasibu chuo kikuu hapa Mtwara mjini. Mwalimu wetu ametupa kazi ya kulinganisha taarifa ya kampuni ya bima ya afya ya Marekani na ya kampuni inayofuata kanuni za kimataifa, hasa katika sehemu za biashara na hatari za kisheria. Nimeona zinafanana kiasi kwamba sijui nilinganishe nini. — Mwanafunzi, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Zinafanana kwa umbo, zinatofautiana kwa vipimo, na alama zako zimo katika vipimo.

Anza na sehemu. Kanuni zote mbili zinatumia jicho la mwamuzi mkuu na mpaka wa asilimia 10, kwa kuwa ile ya kimataifa ilitungwa kwa kuifuata ya Marekani. Lakini kwa miaka ya hesabu iliyoanza baada ya tarehe 15 Desemba 2023, kampuni za Marekani zinatakiwa kuonesha pia gharama kubwa za kila sehemu kama zinavyopelekwa kwa mwamuzi mkuu, si faida yake tu. Chukua UnitedHealth Group ya jimbo la Minnesota. Ina sehemu nne: UnitedHealthcare, ambayo ndiyo bima yenyewe, Optum Health, yenye kliniki na madaktari, Optum Insight, ya teknolojia na takwimu, na Optum Rx, ya dawa. Sehemu kubwa ya mapato ya ndugu hao wa Optum hutoka kwa UnitedHealthcare, kwa hiyo safu ya maondoleo ni nene sana. Ndiyo tofauti ile ile iliyomsumbua Mwalimu wa Masasi hapo juu, ila kwa mabilioni ya dola.

Katika kesi, vipimo vinaachana zaidi. Kanuni ya kimataifa inataka fedha itengwe pindi uwezekano wa kulipa unapozidi wa kutolipa, yaani zaidi ya nusu. Ya Marekani inatumia neno linalofanana kwa sura lakini linalosomwa kwa uzito zaidi: tukio liwe la kutazamiwa kutokea kwa dhahiri, na wahasibu wa huko hulielewa kuwa juu ya nusu kwa kiasi kizuri. Kisha njoo kwenye kiasi. Tuseme wanasheria wanasema malipo yatakuwa kati ya milioni 40 na milioni 100, na hakuna nambari kati ya hizo inayoelekea kuwa kweli kuliko nyingine. Kwa kanuni ya kimataifa utatenga kiwango cha katikati, milioni 70. Kwa ya Marekani utatenga kiwango cha chini, milioni 40, na kueleza kwamba hasara inaweza kuzidi. Kampuni mbili, kesi moja, wanasheria wale wale, na faida zinatofautiana kwa milioni 30. Andika mfano huo katika kazi yako kwa maneno yako.

Hatari zenyewe pia zina mizizi tofauti. Marekani ina sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali, iliyotungwa mwaka 1863 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wazabuni waliolitapeli jeshi. Leo inatumika dhidi ya makampuni yanayoilipisha serikali kwa njia isiyo halali katika bima za afya za umma; mshtakiwa hulipa mara tatu ya hasara, na mtoa taarifa wa ndani anaweza kupata kati ya asilimia 15 na 30 ya kinachopatikana. Sheria yao ya afya ya mwaka 2010 nayo inazitaka kampuni zitumie angalau asilimia 80 ya ada za watu binafsi na vikundi vidogo, na asilimia 85 za vikundi vikubwa, kwa matibabu na uboreshaji wa huduma. Zikipungukiwa, zinawarudishia wateja. Tazama jinsi sheria hiyo ilivyojigawa yenyewe kwa sehemu za biashara: kosa katika vikundi vikubwa haliwezi kufidiwa na wema katika vikundi vidogo.

Kisha taarifa za wagonjwa. Mapema mwaka 2015 kampuni ya Anthem, ambayo tangu 2022 inaitwa Elevance Health, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika hifadhi yake, na waliohusika walikuwa karibu watu milioni 79. Mwaka 2018 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 115 na wadai, na mwaka huo huo kampuni ikailipa Wizara ya Afya ya Marekani dola milioni 16. Majimbo yalifikia suluhu yao mwaka 2020. Tukio moja, mkia wa miaka mitano. Mwezi Februari 2024 lilifuata shambulio dhidi ya Change Healthcare, kampuni iliyo chini ya UnitedHealth katika sehemu ya Optum Insight, si ya bima. Aliyezoea kutazama sehemu ya bima peke yake hangeitafuta hatari huko, ingawa makaratasi ya malipo ya hospitali nyingi za nchi yalikuwa yanapita hapo.

Kwa upande wetu usiandike kwamba hatari hiyo haipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Jiulize: kampuni inayofanya kazi Tanzania ikivujisha taarifa za wateja wa skimu ya mwajiri mmoja, gharama itaandikwa safu ya waajiri, safu ya teknolojia, au makao makuu? Hilo ni swali zuri la kufungia kazi yako, maana kanuni haijibu.

Je, kadi yangu itakufa?

*Mhariri, nina duka la vitenge na nimejilipia bima binafsi, mimi na wanangu wawili. Nimesikia kampuni yetu imeshtakiwa. Je, kadi yangu itakufa? — Mama wa Lindi mjini*

Hapana, mama, kesi peke yake haiui kadi. Mkataba wako unaendelea hadi tarehe iliyoandikwa, na kampuni inawajibika kulipa matibabu yaliyomo hata ikiwa mahakamani. Kinachoweza kukugusa ni mwaka ujao: wateja wa kujilipia wenyewe kwa kawaida huwa sehemu ndogo ya kampuni, na sehemu ndogo isiyoleta faida ndiyo hupandishiwa ada kwanza au kufungwa, ama kesi ipo ama haipo. Ukipata barua ya mabadiliko, iangalie tarehe yake na uilinganishe na tarehe ya mkataba wako. Wakikataa dai lako, omba sababu kwa maandishi, na usiporidhika peleka lalamiko TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na risiti za ada. Risiti ya mwezi huu ukiipata kwa simu, usiufute ujumbe wake.